Muema Atafuta Jina la Mtaa

Asubuhi ile Muema alipokanyaga sabuni bafuni kwake na kwenda chini chali, kilichomtisha hakikuwa maumivu. Maumivu yalikuwepo, tena ya kutosha, kisogo kilivimba hadi kofia ikakataa kuingia. Kilichomtisha ni kimya. Alilala pale akimtazama mjusi wa darini, na mjusi akamtazama yeye, na hakuna binadamu aliyekuja kuuliza kulikoni. Kuna wakati kitu kiligongagonga geti kwa muda, akadhani ni punda wa muuza maji anajikuna, akanyamaza. Alipopata nguvu za kuinuka jua lilikuwa limeshapanda. "Kumbe nikifa humu ndani," akajiambia, "wa kwanza kujua atakuwa mjusi."

Toka hapo usingizi ukamkimbia. Moyo ulimdunda bila sababu, chakula hakikupita kooni, na kila akiingia bafuni aliaga nafsi yake kwanza.

Muema alikuwa afisa wa vipimo na mizani, Mkamba wa Mwala, aliyehamishiwa Garissa na serikali bila kuulizwa kama anapenda joto. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na mawe yake ya shaba, kuhakikisha kilo ya mwenye duka ni kilo ya Mungu. Kazi hiyo, jamani, humharibu mtu. Ukishaona watu kadhaa wamebandika sumaku chini ya sahani ya mizani, unaanza kumdhania kila binadamu ana sumaku mahali. Kwa hiyo siku alipopanga nyumba mtaa wa Waberi, kabla hata ya kununua kitanda, alinunua makufuli matatu manene, yote ya geti. Akitoka aliyafunga kwa nje, akiingia aliyafunga kwa ndani. Juu ya ukuta akapandisha vigae vya chupa. Mwizi angeona shida kuingia, na kusema kweli hata Muema mwenyewe aliona shida kutoka.

Mwisho alikwenda zahanati kwa Loise, tabibu wa kutoka Meru, mwanamke wa maneno machache na sindano nyingi. Loise alimpima damu, akampima presha, akamgonga goti.

"Malaria huna. Ugonjwa wako ni upweke," akasema.

"Nipe dawa yake."

"Haiuzwi. Ndugu yangu, mtaa unaweza kukuponya na unaweza kukumaliza, inategemea unakaaje ndani yake. Ila mimi nashangaa. Hapa Waberi watu wanalalamika kelele, mbuzi, wageni wasioondoka. Mgonjwa wa upweke ndiye wewe wa kwanza. Umewezaje?"

Muema akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Jirani wanakuitaje?" Loise akauliza.

"Afisa."

"Afisa!" Loise aliguna. "Mimi sikumaliza mwezi, wakaniita Irbad. Sindano, kwa Kisomali. Nilikasirika siku moja tu. Baadaye nikajua mtu akishapewa jina la utani hapa, ameshahesabiwa."

Maneno hayo yalimwingia Muema kama msumari kwenye ubao laini. Njiani alikumbuka kila mtu wa mtaani kwake, na kweli, hakuna aliyekosa jina. Barre mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliitwa Dhegoole, yaani kiziwi, kwa sababu aliumwa sikio alipokuwa mtoto. Siku hizi alisikia hadi unong'ono wa mtaa wa pili, lakini jina ndilo hilo. Warfa dalali wa ng'ombe aliitwa Ilkadahab, Meno ya Dhahabu. Jino lenyewe lilikuwa moja tu, na aliliuza alipooa, sasa pale pana pengo, na watu bado wanamwita Ilkadahab bila hata kucheka. Wasomali hawakuonei haya. Wanaangalia kasoro yako, wanaipenda, wanakuvalisha.

"Basi nami nipewe kasoro," Muema akaamua.

Usicheke. Mtu mwenye shida ya kweli hufanya mambo ya ajabu.

Kesho yake alipita mbele ya duka la Barre akichechemea. Alichechemea kwa bidii, kama mtu anayelipwa. Kwenye baraza la duka walikuwapo Barre mwenyewe, Warfa, na Mama Nafiso, muuza maziwa ya ngamia ambaye nyumba yake inatazamana na ya Muema. Wote watatu walinyanyuka.

"Subhanallah! Afisa! Bole!" Nafiso akapiga kelele, kwa Kiswahili chake cha Waberi ambacho p haipiti salama. "Mguu yako imefanya nini?"

"Ah, ni kilema tu," Muema akasema, akijaribu kuonyesha kwamba kilema hicho kinafaa sana kuwa jina. "Nimekuwa mlemavu. Mtu anaweza hata kuniita hivyo, sitajali."

Badala ya kumwita, walimkalisha. Barre akaleta mkeka, Warfa akaleta mzee Guleid, mganga wa mifupa, ambaye aliwahi kumnyoosha ngamia. Mzee Guleid aliupaka mguu mafuta ya ufuta, akaukamata, akasema bismillahi, akauvuta kana kwamba anataka kuondoka nao. Muema alilia kwa Kikamba. Akapewa bilauri ya maziwa ya ngamia, wakamwambia anywe yote, na wakamsindikiza hadi getini. Hapo walisimama wakamwangalia anavyofunga makufuli kwa ndani, la kwanza, la pili, la tatu.

Siku ya pili alichechemea tena. Nafiso akamtazama kwa makini.

"Afisa, jana ilikuwa mguu ingine."

Muema akaacha mambo ya mguu.

Akajaribu jino. Alisaga makaa, akalipaka jino la mbele likawa jeusi tititi, akaenda kununua misumari asiyoihitaji ili apate nafasi ya kutabasamu. Barre alimpa misumari yake pamoja na mswaki wa mti, bure, na kumnong'oneza kwamba usafi ni sehemu ya imani. Akajaribu ndevu. Aliona wazee wa Waberi wanapaka ndevu hina zikawa nyekundu wakapendeza, akanunua hina, akajipaka mwenyewe bila kumuuliza mjuzi. Hina ikakolea kwenye mashavu, ikakolea kwenye sikio moja, ndevu zenyewe zikakataa. Alipita hivyo sokoni kwenda kazini. Watu walisema "Mashallah, afisa," kwa adabu kubwa, wakageuka kutazama ukuta, mabega yakitikisika.

Afisa, afisa, afisa. Alichukia neno hilo kuliko sumaku.

Alhamisi usiku alimpigia simu mkewe Mutanu, aliye mwalimu huko Mwala, akamwambia yamemfika shingoni. Ijumaa ni sikukuu na ofisi imefungwa, Jumatatu ataomba uhamisho. Arudi Ukambani, hata kama ni kwa cheo cha kufagia.

"Nyumbani ni kwako, rudi," Mutanu akasema. "Lakini majirani zako unawaagaje?"

"Nimuage nani? Hawanijui."

Ilimuuma, bwana. Ilimuuma kuliko mguu.

Ijumaa asubuhi alitoka kununua sukuma wiki. Aliporudi akafungua geti, na wakati anaingiza mfuko, kitu cheupe kikapita katikati ya miguu yake kama risasi. Muema hakukiona vizuri kwa sababu hesabu yake yote ilikuwa kwenye makufuli. Akayafunga yote kwa ndani, akaweka mfuko wa mboga kwenye kigoda uani, akatupa juu yake funguo zake zote, zilizofungwa kwa kamba ya katani, akaenda kunawa uso. Alirudi akamkuta mbuzi wa Nafiso amesimama kigodani. Mfuko ulikuwa mtupu. Mdomoni mwa mbuzi palikuwa na jani moja la sukuma wiki, na kando ya jani, ncha ya kamba ya katani ikiingia ndani polepole kama tambi.

"Wee! Wee! Tema!"

Mbuzi akamtazama, akameza.

Funguo za akiba zilikuwapo. Zilikuwa ofisini, kwenye droo, na droo ilikuwa na kufuli la nne, na ufunguo wa kufuli la nne ulikuwa kwenye kamba ileile. Muema akakaa chini. Akachukua simu aite jirani, akapekua majina kutoka juu hadi chini, na huko chini ndiko alikouona ukweli wote. Hakuwa na namba ya jirani hata mmoja. Akampigia Mutanu. Mutanu alisikiliza hadi kwenye kamba ya katani, akacheka mpaka salio likaisha. Neno la mwisho alilomwambia lilikuwa, "Piga kelele kama watu wengine!"

Haya, Muema akapiga kelele.

"Jamani! Nisaidieni! Mimi Muema! Nimefungiwa!"

Nje miguu ikasimama. Sauti ya Nafiso ikauliza, "Nani huko ndani?"

"Muema!"

"Muema gani?"

"Muema wa hapa! Niko hapa ndani, siwezi kutoka!"

Kisha ikatoka sauti ambayo Muema hakujua kwamba mwanamke wa umri ule anayo.

"Mwiziii! Barre! Warfa! Kuna mwizi kwa Qufulle! Ameingia kwa Qufulle na ameshindwa kutoka!"

Wallahi Waberi nzima iliitika. Milango iligonga, ndala zikapiga lami, mtu akaja na fimbo, mtu akaja na mwiko wa chai, na kwa mlio wake Muema alitambua kwamba mtu mwingine amekuja na sufuria. Geti likaanza kutikiswa.

"Wewe Muema!" Barre alinguruma. "Umemfanya nini Qufulle?"

"Qufulle ni nani?" Muema akalia.

"Anauliza Qufulle ni nani! Mwenye nyumba, wewe mjinga! Umeingia kwa mtu hata jina lake hulijui?"

"Ukimgusa utatujua!" Nafiso akasema. "Ule mtu hana maneno na mtu. Maskini ya Mungu, mguu mgonjwa, jino mbofu, na sasa hata ngozi ya uso imeanza kubadilika rangi. Ukimuumiza, wallahi, hutatoka Waberi!"

"Ni mgeni wetu huyo!" Warfa akaongeza. "Toka wewe Muema! Toka tukuue kidogo!"

Muema alisimama uani na mbuzi pembeni yake. Mguu mgonjwa, jino bovu, ngozi ya uso. Ilimchukua muda, kwa sababu akili iliyozoea kushuku haipokei habari njema haraka. Halafu akashika geti.

"Mama Nafiso," akaita taratibu. "Huyo Qufulle... ni yule afisa wa mizani?"

"Unamjua basi!"

"Ni mimi! Ni mimi mwenyewe! Muema ndilo jina langu!"

Nje wakashauriana kwa Kisomali. Barre hakuridhika.

"Kama wewe ni yeye, sema: kilo ya misumari dukani kwangu, ulipoipima mara ya mwisho, ilikuwa na nini?"

"Ilipungua! Gramu ishirini! Nami nikakwambia urekebishe mizani, ukasema husikii kwa sababu wewe ni kiziwi!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimshtua hata mbuzi. "Ni yeye!" wakasema. "Ni yeye, Qufulle, alhamdulillahi!" Na mtu mwenye sufuria akaipiga kwa furaha.

Hapo ndipo Nafiso alipomweleza, kupitia upenyo wa geti. Qufulle ni mwenye kufuli. Jina alilipata siku ileile aliyohamia, hata lori la mizigo halijageuza. Walimletea maziwa ya kumkaribisha mgeni, wakafika, wakapiga hodi, na jibu walilopata ni makufuli yakifungwa, la kwanza, la pili, la tatu.

"Na mbona hamkuniita hivyo hata siku moja?" Muema akauliza. Alitaka kusikika mkali lakini sauti ilimponyoka.

"Mtu hajakukaribisha kwake, hamjala bamoja, utamwitaje jina ya utani usoni? Hiyo ni matusi," Nafiso akasema. "Tulikuwa tunangoja ufungue."

"Kuna siku nilianguka bafuni. Nililala chini peke yangu. Hakuna aliyekuja."

"Siku ile hukuenda kazini? Mimi nilikuja! Niligonga hii geti na jiwe mbaka mkono ikachoka. Ulinyamaza. Nikasema labda Qufulle hataki watu."

Muema akamkumbuka yule punda. Akafuta uso kwa kiganja, ikabidi ageuke upande mbuzi asimwone.

Barre akaleta ngazi ya mianzi, akaisimamisha, wakatupa magodoro mawili juu ya vigae vya chupa, na Warfa akapanda kuona hali. Wazo lao lilikuwa kwamba ngazi ivushwe ndani, Muema apande, atoke. Muema aliikagua ngazi ile kwa jicho la kitaalamu, akajikagua na yeye, akatangaza kwamba uzani haukubaliani. Mti ule ungempeleka hadi nusu na kumrudisha. Yeye hatoki mpaka mbuzi atoe alichomeza, na mbuzi hana haraka.

Nje wakajadiliana. Mwisho Nafiso akaamua.

"Kama Qufulle hawezi kutoka, sisi tunaingia."

Na wakaingia, Mungu ni shahidi. Warfa aliruka, akavuta ngazi ndani, akaletewa nyingine kwa nje, na Waberi ikaanza kupanda upande huu na kushuka upande ule. Barre alipita na birika la chai ya iliki mkononi bila kumwaga tone. Mzee Guleid alipitishwa juu akiwa amekaa kwenye kiti. Nafiso alipanda na baibui yake na sinia la anjera, zile chapati laini za Kisomali, kichwani, akiwaamuru wanaume wote watazame Makka. Walitandika mikeka uani, wakamfunga mbuzi katikati kama bwana harusi, wakakaa kumzunguka wakingoja funguo. Kila mbuzi alipoinua mkia, watu walinyamaza kwa heshima. Kila aliposhusha, walimimina chai tena.

Muema alikula anjera kwa mkono wake mwekundu wa hina. Walimuuliza habari za Mwala, za Mutanu, na za mashavu yake. Akakiri yote, mguu na makaa na hina, na kwamba alifanya hivyo ili apate jina. Mzee Guleid alicheka mpaka akavuliwa kofia apepewe. Hapo moyo wa Muema ulikuwa umetulia. Aliugundua utulivu ule ghafla, akiwa na bilauri mdomoni, na akaogopa kusogea usije ukamtoka.

Jua lilipoanza kupoa, Muema akamgeukia Barre.

"Barre, si dukani kwako unauza mkasi wa kukatia vyuma?"

"Nauza. Upo mkubwa, unakata kufuli kama muwa."

Muema akaweka bilauri chini.

"Na tangu asubuhi hukusema?"

"Sikusikia mtu akiuliza," Barre Dhegoole akajibu, akanyoosha bilauri yake iongezwe chai. "Na anjera ilikuwa moto."

Makufuli yakakatwa jioni ile. Funguo mbuzi alizitoa siku yake aliyoona inafaa, na Nafiso alizileta zimeoshwa, zikafungiwa kwenye kamba mpya, ingawa hazikuwa na pa kuingia tena. Jumatatu Muema alikwenda ofisini akafanya kazi yake na kurudi nyumbani, hakuomba kitu. Geti akaliacha na kamba tu ya kuzuia mbuzi, ambaye naye kamba aliijua ni chakula.

"Sasa sina kufuli hata moja," alimwambia Warfa siku moja barazani. "Jina mtabadilisha?"

Warfa akacheka, pengo lake likaonekana lote. "Mimi je, dhahabu unaiona wapi?"

Basi Jumamosi moja, baada ya juma zima la kuzunguka sokoni, Muema akapitiwa na usingizi. Alilala usingizi mtamu, ule aliousahau, hadi jua likaingia kitandani. Alipofungua macho, Nafiso alikuwa mlangoni na jagi la maziwa, Barre nyuma yake na fimbo, Warfa dirishani, na mzee Guleid ameshakunja mikono ya kanzu, tayari kuvuta chochote kitakachohitaji kuvutwa. Mjusi alikuwa darini, amejibanza kwenye pembe kwa kukosa nafasi.

"Qufulle!" Nafiso alimlilia. "Jua imetoka na wewe hujatoka! Umekufa?"

"Sijafa," Muema akasema, akavuta shuka hadi kidevuni, na akaona haya kwa jinsi ilivyomfurahisha kuulizwa.